Upepo Kilo Ngapi?

Shofa yeyote anayeteremka kutoka Pepa, hapa milimani Marungu, kwenda Ziwa Tanganyika hupita kwanza kibandani kwangu, na swali lake ni moja: "Fundi, niweke upepo kilo ngapi?" Miaka yote niliyolala chini ya magari sijawahi kulijibu hapo hapo kwa namba. Humuuliza kwanza: umebeba nini, na huko chini mvua imenyesha tangu lini? Akiwa na viazi na barabara ni kavu, namwambia hivi. Akiwa na ng'ombe na mvua imepiga usiku kucha, namwambia vile. Ng'ombe hawatulii garini kama viazi.

Sasa ilikuwaje fundi huyo huyo, jioni moja ya mwezi wa saba, akachukua namba za gari moja akazibandika kwenye gari jingine, kisha akashangaa kuona gari limekataa kona?

Gari lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta. Mpwa wangu ndiye aliyeniletea ugonjwa huu. Alirudi kutoka masomoni Lubumbashi na kompyuta ya mkononi iliyochoka, pamoja na usukani wa kuchezea wenye pedali mbili, vyote vya mitumba. Usukani tumeufunga mezani kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Umeme ni wa jua, na betri ile ile ndiyo inayochaji simu za majirani, kwa hiyo mbio zetu huanza simu ya mwisho ikishachukuliwa na mwenyewe. Mwezi wa saba hapa Marungu baridi ni kali, na mtu mzima akikaa ndani na koti lake akizungusha usukani usiokwenda popote, hakuna wa kumcheka ila mke wake.

Mchezo unaitwa Grand Prix Legends. Ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Papyrus na kutolewa na Sierra mwaka 1998. Umri huo ndio uliotuokoa, maana kompyuta yetu isingebeba mchezo wa siku hizi. Ndani yake kuna msimu mzima wa Formula 1 wa mwaka 1967: viwanja kumi na kimoja, vikiwamo Kyalami ya Afrika Kusini na Monza ya Italia, na magari ya enzi hizo yaliyo kama sigara yenye magurudumu, hayana mabawa wala kifaa chochote cha kumsahihisha dereva. Lotus, Ferrari, Brabham, Eagle na BRM wamo kwa majina yao. Cooper na Honda wamevalishwa majina mengine, Coventry na Murasama, kwa sababu ya haki za majina.

Ulipotoka, wengi waliushindwa. Gari lilizunguka kama pia kwenye kona ya kwanza, mtu akazima kompyuta. Waliobaki ndio waliokuja kuukuza. Wapenzi wa mchezo huo, kwa kujitolea, wametengeneza nyongeza za misimu mingine: upo wa 1965, upo wa 1966, upo wa 1969. Hapo ndipo palipo na utamu wa hadithi yangu, na aibu yangu pia.

Kabla ya kuingia barabarani, mchezo unakupa ukurasa wa fundi. Humo unapanga gari: upepo wa kila tairi, ugumu wa springi, shokomzoba, mlalo wa magurudumu, uwiano wa gia, difu, mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, na lita za mafuta. Kwangu ilikuwa kama kurudi kazini, ila kucha zikabaki safi. Nikafungua daftari. Masika nzima nilikuwa na Lotus ya 1967 pale Kyalami, nikibadilisha hiki, nikijaribu kile, mpaka gari likawa linanitii. Namba zake nikaziandika kwa wino wa bluu, safi, nikajiona nimemaliza shule.

Kiangazi kilipoingia, mpwa wangu akaweka msimu wa 1965. Nikachagua Lotus tena. Kampuni ile ile, umbo karibu lile lile, dereva wake katika historia yule yule Jim Clark. Nikafungua daftari nikanakili kila kitu. Nikashuka ule mnyoosho mrefu wa Kyalami hadi kona ya kwanza, Crowthorne, nikakata usukani. Gari likaenda mbele tu, kama ng'ombe aliyeona majani mabichi ng'ambo ya uzio. Nikajaribu mara sita, na mara sita tukaishia majanini.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "labda usukani umelegea." Tukakaza mpira. Usukani haukuwa na kosa.

Ili msomaji aelewe kosa langu, lazima ajue kilichotokea kati ya miaka hiyo miwili. Tangu 1961 hadi 1965, injini ya Formula 1 haikuruhusiwa kuzidi sentimita za ujazo 1,500. Hiyo ni injini ya gari dogo la kwendea sokoni, ingawa mafundi wa mbio waliikamua mpaka ikatoa nguvu farasi mia mbili na ushei. Mwaka 1966 sheria ikabadilika: injini ikaruhusiwa kufika 3,000. Tarehe 4 Juni 1967, huko Zandvoort, Uholanzi, Lotus 49 ilishindana kwa mara ya kwanza ikiwa na injini mpya ya Cosworth DFV yenye nguvu farasi zipatazo mia nne. Clark akashinda siku hiyo hiyo. Uzito wa chini ulioruhusiwa, kwa upande wake, ulipanda kutoka kilo 450 hadi 500 tu. Kwa hiyo nguvu iliongezeka karibu maradufu, na mwili ukanenepa kidogo sana. Majina ni ndugu, lakini mmoja ni punda na mwingine ni farasi aliyeumwa na nyuki.

Nami nilikuwa nimempa punda hatamu za farasi.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye difu. Difu ni lile bakuli la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Kazi yake ni kuliacha gurudumu la nje ya kona lizunguke zaidi ya la ndani, kwa kuwa njia yake ni ndefu. Ubaya wake kila shofa wa huku anaujua. Masika, kwenye mpando wa udongo mwekundu, gurudumu moja likiingia kwenye tope laini, nguvu yote hukimbilia huko huko. Nimekwama hivyo mara nyingi, nimepiga magoti nyuma ya gari kutazama: la kushoto linazunguka kama feni na kutumwagia matope usoni, la kulia limetulia kama mkwe ukweni. Dawa ni kuyafunga yote mawili yazunguke pamoja, gari likatoka. Lakini usahau kufungua ukifika pagumu, uone. Ukikata kona, magurudumu ya nyuma yaliyofungwa pamoja yanataka kwenda mbele moja kwa moja, na yanaisukuma pua ya gari nje ya njia.

Katika mchezo, difu hupangwa kwa pembe mbili, moja ya wakati unakanyaga mafuta, nyingine ya wakati umeachia. Pembe ndogo, kama digrii 30, hufunga kwa nguvu. Pembe kubwa, kama 85, hufunga kwa ulegevu. Juu ya hapo kuna sahani za klachi, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo kifungo kinavyokaza. Kwenye gari la 1967 nilikuwa nimefunga sana upande wa kukanyaga, na nilikuwa na haki. Kwa nguvu farasi mia nne, ukikanyaga ukitoka kwenye kona, matairi ya nyuma yanateleza yapende yasipende. Yakiteleza kwa pamoja, mkia unatoka taratibu, nawe unalielekeza gari kwa mguu wa kulia kuliko kwa mikono.

Gari la 1965 halina nguvu ya kuutoa mkia. Nakanyaga, matairi ya nyuma yanashika barabara vizuri kabisa, yamefungwa pamoja, yanasukuma mbele. Pua inakosa njia. Namba iliyokuwa dawa mwaka 1967 ilikuwa sumu mwaka 1965. Nikaipeleka difu kwenye 85, nikapunguza sahani, na mara ya saba Crowthorne ikanikubali.

Nilipoona hivyo nilirudi mwanzo wa daftari nikaanza kuhojiana na kila namba. Gia: kwa gari la 1967 nilikuwa nimepanga gia ya juu kwa mwendo ambao gari dogo halitaufikia kamwe, kwa hiyo mnyoosho wote injini ilikuwa inakohoa chini, wakati injini ndogo ya mbio huishi kwenye mizunguko ya juu tu. Springi: zilikuwa ngumu kupita uzito wa gari, likawa linarukaruka kwenye mawimbi ya lami kama kamio iliyoshusha mzigo. Shofa wa huku anaijua hiyo. Kamio tupu ndiyo inayovunja kiti, iliyojaa inatulia.

Upepo nao ulinihukumu. Ukirudi kwa fundi baada ya mizunguko kadhaa, mchezo unakuonyesha joto la kila tairi mahali patatu: ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa pa moto kuliko pembeni, tairi limejaa kupita kiasi, linasimama kwa kifua chake. Pembeni pakizidi, upepo ni mdogo. Ndani peke yake pakizidi sana, gurudumu limelazwa mno. Matairi yangu ya 1965 yalikuwa na moto katikati, yote manne. Mimi, ambaye huwauliza mashofa wamebeba nini, nilikuwa nimejaza upepo wa gari zito na lenye nguvu kwenye gari jepesi.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wengi hulisahau: mafuta ni mzigo. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Lita 150 ni zaidi ya kilo 110, na kwenye gari la kilo 500 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano. Gari ulilolipanga kwa lita kumi za mazoezi silo utakaloanza nalo mashindano. Na ukipunguza mafuta ili liwe jepesi, kumbuka kilichotokea pale pale Kyalami tarehe 2 Januari 1967. John Love, dereva wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alikuwa akiongoza mbio ya ubingwa wa dunia kwa gari la Cooper lililokwisha kuzeeka, mbele ya mabingwa wa Ulaya. Mizunguko michache kabla ya mwisho ikambidi aingie kuongeza mafuta. Pedro Rodríguez wa Mexico akapita akashinda, Love akawa wa pili. Nikiendesha Kyalami huwa namkumbuka, nikaongeza lita mbili.

Mpwa wangu, kijana asiyependa kungoja, alirukia msimu wa 1969. Huko kuna kitu kipya: mabawa. Bawa la gari la mbio ni la ndege lililogeuzwa, linasukuma chini badala ya kuinua, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo linavyokandamiza. Mwanzoni yalisimamishwa juu ya nguzo ndefu nyembamba, mengine yakiegemea moja kwa moja kwenye magurudumu, ili uzito wa upepo uende kwenye tairi bila kupitia springi. Nguzo hizo zilivunjika. Mei 1969, kwenye mbio za Hispania huko Montjuïc, Barcelona, Graham Hill na Jochen Rindt walipata ajali mbili zilizofanana, Rindt akaumia, na wiki mbili baadaye, huko Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Yaliyofuata yakawa mafupi, yakafungwa kwenye mwili wa gari.

Kwa fundi, tofauti hiyo si ndogo. Bawa likikaa mwilini, springi ndizo zinazobeba kishindo chake. Kwenye kona ya taratibu gari lina uzito wake tu, kwenye kona ya kasi ni kama watu watatu wamepanda juu ya bodi. Springi laini zilizokuwa tamu mwaka 1967 sasa zinalaza tumbo la gari chini. Ukizikaza kwa ajili ya kasi, kwenye kona ndogo gari linakuwa gumu kama gogo. Hakuna namba inayofurahisha kote kuwili. Unachagua utapoteza wapi.

Mtu atasema haya ni mambo ya wazungu na lami zao. Basi twende Kenya. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimewadia. Mwaka 1965, mwaka ule ule Clark alipotwaa ubingwa kwa injini ya 1,500, Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, gari la kawaida lenye mgongo wa duara kama kobe. Mwaka 1963, na tena 1968, tope liliwala washindani mpaka wakabaki saba tu waliofika mwisho, na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404. Wenye magari ya kasi kuliko yao walikuwapo. Tope halikuwauliza kasi.

Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilifanyika mwezi wa sita, nchi ikiwa kavu, Naivasha ikiwa vumbi jepesi kama unga linalomeza tairi. Ikakaa hivyo hadi 2023. Mwaka 2024 ikahamishiwa mwisho wa mwezi wa tatu, Pasaka tena. Nchi ni ile ile, Naivasha ni ile ile, kilichobadilika ni mwezi. Lakini magari yakaonekana tena na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi juu ya paa, ili injini isinywe maji kwenye vivuko. Fundi ambaye angefungua daftari la Juni na kulinakili kwa ajili ya Machi, gari lake lingezama.

Hata hewa ina msimu wake wa mahali. Kamio inayotoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika kupanda Marungu huanza kutoa moshi mweusi kadiri inavyopanda, kwa sababu hewa inapungua na mafuta yanayoingia ni yale yale. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu. Madereva wa 1967 walilikuta hilo Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Sisi tunalikuta kila siku ya soko.

Basi nikafika kwenye jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu zamani. Namba haihami, inayohama ni sababu. "Difu 30" ni jibu. Swali lake lilikuwa: nifanye nini matairi yanapoteleza kwa kuzidiwa na nguvu? Ukifika mahali ambapo matairi hayatelezi, jibu hilo halina wa kumjibu. Ndiyo maana sasa daftari langu lina safu mbili. Kushoto naandika namba, kulia naandika kwa nini. Nikienda msimu mpya, nafunika safu ya kushoto kwa kiganja na kusoma ya kulia. Naanza na mpangilio wa kawaida uliokuja na gari, nazunguka mara tano bila kugusa kitu, kisha nabadilisha kimoja tu. Ukibadilisha vitatu na gari likapona, hujui ni dawa ipi iliyoliponya. Likizidi kuumwa, hujui ipi iliyoliua.

Mpwa wangu aliniona mzee mwenye mambo mengi. Alinakili safu ya kushoto kwenye simu yake, akaniacha na ya kulia. Kwa wiki mbili akawa anagonga vizuizi vya Monaco kwa gari la 1965, akilaumu usukani, mpira wa tairi, betri, na jirani anayekuja na simu usiku.

Jana nilifungua daftari nikakuta ukurasa mpya. Mwandiko si wangu. Safu ya kushoto alikuwa ameiacha tupu, hakuna hata namba moja. Kulia ameandika, kwa kalamu nyekundu: "1965. Gari hili halina nguvu ya kunisamehe. Nikikosea kuingia kona, kukanyaga mafuta hakunirudishii kitu."

Nimetengeneza magari tangu kabla kijana huyo hajazaliwa, na sentensi hiyo sikuwa nayo. Nikachukua kalamu yangu ya bluu, nikaketi, nikaanza kutafuta namba za kuweka upande wa pili.